Swali la Namba Tisa

Haya nilisimuliwa na Halina Wojtas mwenyewe, mwaka jana, Jumamosi moja ya Kwaresima, tukikunja nguo kwenye nyumba ya kufulia ya mtaa wetu wa Greenpoint. Kesi ilikuwa imekwisha zamani, ndiyo maana aliweza kusema.

Halina ni mpishi wa shule. Barua ya mahakama ya kumwita awe mmoja wa raia wa kuamua kesi ilipomfikia, alidhani ni mambo ya wizi wa gari, siku mbili tatu kisha arudi kwenye masufuria yake. Kumbe ilikuwa kesi ya Haruni Tazi, mgeni aliyekamatwa nchi ya mbali, akafungiwa kwanza kwenye kambi ya jeshi kisiwani, kisha akashitakiwa kwamba alipanga kulipua treni ya chini ya ardhi. Raia kumi na wawili ndio waamue, na wote kwa kauli moja, wengine wachache wakisikiliza kama watu wa akiba. Kwa usalama wao majina yalifichwa. Halina akawa Namba Tisa. Jaji akawaonya wasizungumze kesi na mtu, wasisome habari zake, wasiulize. Watakachosikia mbele yake ndicho hicho tu watakachopimia.

Wiki tano walisikiliza. Siku ya kwanza ya kujadiliana, kumi na mmoja walisema ana hatia. Halina peke yake akasema hajui. Mapipa ya dawa za kulipulia yalikutwa kwenye stoo aliyopanga Haruni, hilo Halina hakulikataa, lakini funguo za stoo walikuwa nazo watu watatu, na hakuna aliyekuja kusema mapipa aliyaleta nani.

Namba Mbili, dereva mstaafu wa basi waliyemchagua awaongoze, akamtania.

"Namba Tisa, mama, utatuweka humu mpaka tuote mizizi."

Mwingine hakutania. Alisema Katiba ina wenyewe. Aliyekuja kuchoma nyumba hakaribishwi kiti sebuleni, wanajeshi wamhukumu huko huko walikomfungia. Halina akajibu kwamba hata mama yake alikuwa mgeni asiye na karatasi, akasingiziwa wizi wa pete, na bado akapewa wakili.

"Pete si treni," akaambiwa.

Hilo nalo lilikuwa kweli, likazidi kumchanganya.

Ilikuwa Ijumaa, wakaachwa waende makwao. Jumapili baada ya misa mdogo wake, Zenon, akaja kula kama kawaida. Zenon aliwahi kuwa askari, akilinda mahabusu kwenye kambi ya kisiwani. Alijua dada yake ameitwa mahakamani. Kesi ipi, hakujua. Pierogi, vile vitumbua vya kuchemsha vya kwao vyenye viazi ndani, hazijapoa, akaanza mwenyewe kumsema Haruni Tazi. Halina angemnyamazisha, angejifichua. Angeinuka akaoshe vyombo, ingetosha. Akabaki kitini.

Zenon alilalamika kwamba nchi hii imekuwa kichekesho, jaji kamkataa shahidi mkuu.

Hapo ulimi wa Halina ukamtangulia.

"Shahidi gani?"

"Aliyemuuzia mapipa, dada. Yupo, mzima, anataka kusema. Jaji hamtaki eti kwa sababu jina lake lilipatikana baada ya Haruni kuwekwa kwenye baridi siku nane."

"Na kweli aliwekwa?"

Zenon akajipakulia tena. Akasema aliwekwa; zamu mbili yeye mwenyewe ndiye aliyemlinda.

"Lakini alichosema hakikuwa uongo," akaongeza.

Halina hakumaliza sahani yake. Akisema ana hatia, atakuwa amemfunga mtu maisha kwa maneno yaliyotolewa kwa baridi. Akimwachia, atakuwa amemwachia mtu ambaye yeye Halina sasa anaamini kuwa ndiye. Akikiri kwa jaji, atatolewa, na kiti chake atapewa yule mama wa akiba aliyekuwa akitikisa kichwa kukubali kila mwendesha mashitaka alipofungua mdomo. Sheria ilikuwa imemziba masikio kwa makusudi, naye akayazibua mwenyewe mezani kwake.

Jumatatu alimwandikia jaji kikaratasi, akikiri aliyoyasikia. Jaji akamwita mbele ya mawakili wa pande zote mbili, na Haruni akiwepo. Akamuuliza kama anaweza kuyaweka kando aliyoyasikia. Wakili wa Haruni, msichana mwembamba, alimkazia macho kama anayemwombea aseme ndiyo. Halina akaelewa kwamba Haruni hana mwingine kati ya wale kumi na wawili ila yeye.

"Mheshimiwa, nikisema ndiyo nitakuwa nadanganya. Nikisema hapana, naona kama namuuza yule pale. Sijui."

Jaji akasema kwa upole kwamba sijui haitoshi. Akamshukuru, akamwambia wenzake wataanza upya na mtu wa akiba, na yeye asiseme lolote mpaka hukumu itoke. Haruni alimtazama akipita. Kama ni lawama au ni shukrani, Halina hakuweza kujua.

Alifika nyumbani mchana. Zenon alikuwa chini ya sinki akirekebisha bomba. Akatoka, akamtazama dada yake usoni, spana ikabaki mkononi.

"Ni ile kesi? Ni mimi niliyekuharibia?"

"Mimi ndiye niliyeuliza."

"Ungemwachia, dada?"

"Sina ruhusa kusema."

Na alishukuru kwamba hana ruhusa, maana jibu lenyewe hakuwa nalo. Zenon akafunga bomba, akakusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga vizuri. Halina alikaa kwenye kochi na koti mwilini, akimpa Haruni hatia, akimwondolea, akimpa tena, mpaka usingizi ukamchukua, jua bado liko dirishani.