Makufuli ya Chini ya Daraja

Watu wa Masuguru walimcheka Hiza wiki moja tu. Fundi wa kuchomelea mzima, mwenye mke na watoto, kila Jumapili anakwenda kusimama darajani, anatumbukiza mtoni sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu ya baa, kisha anavuta kamba kama anayeteka maji. "Anavua vyuma," watu walinong'onezana. Wiki ya pili akaopoa mundu, pedali ya baiskeli na pasi ya mkaa. Ya tatu, watu wakaja na vigoda vyao.

Mkewe, Hamisa, hakucheka hata siku moja. Mwaka juzi, Hiza alipozidisha safari za Mkumbara kwa mama mmoja muuza vitunguu, Hamisa alipanda basi mpaka Handeni, akachukua bodaboda hadi kwa mganga wa Mazingara. Akaambiwa anunue kufuli, aandike jina la mume kwa msumari, alifunge, alitupe mtoni, asigeuke nyuma. Akalitupa, hakugeuka. Safari za Mkumbara zikakoma. Ila mto aliokuwa nao karibu ni huohuo, na daraja ni hilohilo.

Jumapili ya nne sumaku ikapanda na kufuli. Salimu kinyozi, aliyejipa mwenyewe kazi ya kusoma, akalipangusa kwa shati.

"Abraham."

Watu wakamgeukia Abraham, mzee wa kanisa, aliyekaa mbele kabisa. Mkewe, Hilaria, akakumbuka kwamba ameacha maharage motoni.

Likaja la pili. "Sabiri." Mke wa Sabiri naye alikuwa na maharage motoni.

"Kumbe leo mtaa mzima tunakula maharage," Salimu akasema.

Hamisa alitamani kuondoka, lakini kuondoka saa hiyo kulikuwa sawa na kutia saini. Akabaki, tena akapaza sauti. "Wanawake wengine hawana haya. Mume unamfunga kama mbuzi?"

Sumaku ikapanda tena. Salimu akasoma, akalipangusa tena, akasoma upya. "Hiza Mhina."

Kabla Hamisa hajapata pa kutazama, Bi Mwantumu, mama yake Hiza, akakohoa kidogo.

"Lete hapa, hilo langu. Niliona mwanangu anapotelea Mkumbara, na mkewe kazi yake umbea. Ningefanyaje? Mwenye uchungu ni aliyezaa."

Wanawake wakampa hongera. Kumbe ni Bi Mwantumu aliyemtuliza Hiza. Hiza mwenyewe akamshika mama yake mkono.

Hapo Hamisa alikuwa ameokoka. Angefunga mdomo mpaka jioni, yangekwisha. Lakini miaka miwili alikuwa akiwatambia wenzake bombani kwamba Hiza ametulia kwa sababu yake yeye, na sasa sifa zote zinakwenda kwa mkwe.

"Mama, heshima yako iko palepale," akasema, "ila hilo kufuli ni langu."

"Lina alama gani, mwanangu?"

"Nililipaka grisi ya karakana. Na ufunguo ninao."

Akafungua pindo la kanga, akautoa. Mganga alimwonya autunze, asithubutu kuurudisha kwenye kufuli. Jambo hilo lilimjia akilini akiwa ameshauingiza na kuuzungusha. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Kufuli likaachia, ka.

Hamisa akalibana lifunge tena, matope ya ndani yakagoma. Akalibana kwa viganja viwili, akalikandamiza kwa goti. Halikutaka.

Hiza alikuwa ameshaanza kukunja kamba yake, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi. "Mama Faudhia, msiniwekee chakula," akamwambia mkewe kwa upole. "Nasikia hata Mkumbara kuna vyuma."

Bi Mwantumu akajifunga kanga vizuri, akachukua kigoda chake.

"Haya, jamani. Aliyemfungulia mmemwona wenyewe."