Kiwiko cha Kikaragosi

Kama unataka kujua subira ya mtu, mtazame akitengeneza filamu ya vikaragosi. Unausogeza mkono kidogo, upana wa ukucha, unajitoa, unapiga picha. Unarudi, unasogeza tena. Picha mia mbili ndipo kikaragosi kinyanyue mkono na kubisha mlango. Kikiharibika katikati, asubuhi nzima imekwenda na maji.

Siku hiyo kikaragosi kilikuwa cha Sindano, binti mwembamba aliyekuwa akijifunza kwa Fundi Koleo, huu ukiwa mwezi wake wa nane. Mifupa ya waya aliisokota mwenyewe, mwili wa sponji akauchonga mwenyewe. Fundi hakuzungusha maneno: "Kikimaliza picha zote, kazi ni yako. Kisipomaliza, rudi kwa shangazi yako ukashone mifuko."

Picha ya hamsini. Ya themanini. Fundi mwenyewe alikuwa akikisogeza, mpiga picha akibonyeza kamera, Sindano amesimama nyuma yao. Kuna jambo hakulisema. Wiki nzima alikuwa akikibeba kikaragosi nyumbani kumwonyesha bibi yake, aliyekuwa hajiwezi kitandani. Akikipungisha mkono, bibi anacheka: "Hebu tena! Kinipungie tena!" Nani angemnyima? Lakini waya una kiasi chake cha kukunjwa, na Fundi alimwambia tangu siku ya kwanza: kiungo kijaribu mara tatu, kisha kiache. Yeye alikikunja kiwiko kile mpaka hesabu ikampotea.

Picha ya mia moja na arobaini, kiwiko kikalia tik. Mkono ukaning'inia.

Mpiga picha akashika kichwa. Sindano akafumba macho akingoja matusi, maana Fundi Koleo hakuwa mtu wa kuzuia tusi. Hayakuja. Alipofumbua, mzee alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe, ambavyo tangu mwaka jana vilikuwa vikitetemeka, naye akivificha mifukoni.

"Nimekibana mno," alisema. "Nimekivunja mimi. Basi jamani, mikono imekwisha. Kazi yako ilikuwa safi, binti. Baki wewe, mimi nikapumzike."

Mpiga picha akainama. Alikuwa ameshaiona ile mikono siku nyingi.

Lo! Kazi imekuja yenyewe mpaka mapajani. Anyamaze tu, ni yake. Sindano akamsogelea mzee.

"Si wewe, Fundi. Waya ulishachoka. Niliukunja nyumbani, nikimchekesha bibi."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Mzee alimkodolea macho. Akauchukua mkono uliokatika, akaukagua pale ulipovunjika, akaugeuza, akaukagua tena: kweli, si vidole vyake vilivyouvunja. Uso ukamkunjuka kwa furaha hata mwenyewe akaona haya, akaukunja upesi.

"Kwa shangazi yako," alisema. "Leo hii."

Sindano akachukua mkoba wake, machozi yanamtiririka bila hata kuyafuta. Alipofika mlangoni alisikia waya mpya ukikatwa, na nyuma yake Fundi akimfokea mpiga picha kama zamani: "Unashangaa nini wewe? Washa taa! Tunaanza upya."