Mguu wa Justa

Ulikuwa msimu wa tano sasa. Mpunga ukianza kutia punje, Justa alipanda dunguni alfajiri na kushuka giza likiingia. Kazi yake ilikuwa kuamia, yaani kupiga kelele za kufukuza ndege mpaka koo limkauke, huku mikono ikisuka mikeka ya ukindu. Aliyeipakia mikeka hiyo kwenye lori na kwenda kuiuza Ifakara ni mumewe, Fridolin. Alirudi ananukia sabuni, mdomo umejaa habari: nani kanunua baiskeli, nani kapigana sokoni.

"Nami niende, japo mara moja," Justa alimwomba.

"Mjini taabu tupu, mke wangu. Wewe umestarehe huku."

Kustarehe! Neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Asubuhi lori lilipopiga honi pale kijijini kwao, Mkula, alijitwika mikeka, akamwachia Fridolin kombeo mkononi, akapanda.

Ifakara, kwenye baraza la duka, fundi cherehani aitwaye Apolinari aliitambua ile mikeka. Alipojua mwenyewe ni nani, alisimama.

"Yesu na Maria! Shemeji, mguu umepona?"

"Mguu upi?"

"Si Fridolin alituambia umepooza? Eti hata kuoga anakuogesha yeye. Mama Digna huyu humpa chai na vitumbua bure, kwa huruma."

Mama Digna aliacha kukaanga, akashika mdomo.

Damu ilimchemka Justa. Kumbe yeye anaungua juani, mwenzake anakula vitumbua kwa mguu wake! Alikunja kanga magotini, akaruka mbele yao mpaka vumbi likatimka.

"Tazameni! Huu ndio uliopooza. Ndio unaolima, ndio unaopanda dungu, na leo umekuja wenyewe!"

Akalizunguka soko zima. Kila aliyempa pole alimjibu kwa kukanyaga ardhi kwa kishindo.

Kesho yake alimkuta Fridolin dunguni, sauti imekwisha, upande mmoja wa shamba umeliwa.

"Umekwenda kuniaibisha?" alikwaruza.

"Nimekwenda kuuza mikeka yangu. Aibu niliikuta huko, ulishaipeleka mwenyewe."

"Sasa mimi, mwanamume mzima, niamie ndege mpaka lini?"

"Waulize ndege."

Tangu hapo safari za Ifakara zikawa za Justa. Fridolin alinung'unika msimu mzima kwamba wenzake wanaishi, yeye anapiga kelele porini. Justa alimsikia vizuri, wala hakumpa pole.