Zamda Hajaolewa Saluni Kwangu

Saluni kwangu hapa Omurushaka, wasichana wangu wakisuka, mimi nawasomea wateja vitabu vya Zamda, mwanamke anayewawinda majini mitaa ya Dar es Salaam. Macho yanasoma Kiswahili, mdomo unatoa Kinyambo, na nyumba inajaa hadi mlangoni.

Jana tulikuwa kitabu cha kumi na tatu. Zamda ndiyo kwanza amemtemea mate jini aliyemposa, watu wanashangilia, mara Benadeta, muuguzi wa Nyakahanga, akauliza, "Mbona mimi nimekisoma, na Zamda kaolewa naye?"

Mikono ya wasukaji ikasimama. Bibi Kokwijuka, kichwa kimesukwa nusu, akanigeukia. "Mama Hirwa, kumbe miezi yote hii unatutungia?"

Hawa wakiondoka nitabaki na vioo.

"Hadi cha kumi na moja nilivisoma vilevile vilivyo, bibi, maana vilikuwa vitamu. Cha kumi na mbili mwandishi kachoka, ni magauni na mabusu tu. Na hiki kamwoza Zamda kwa jini aliyemla mama yake! Mdomo wangu ulikataa."

Bibi akamtazama Benadeta. "Humo kitabuni, huyo mama ametajwa hata mara moja?"

"Hata mara moja, bibi. Nilikifunga kwa hasira."

Bibi akamrudishia msukaji kichwa chake. "Basi mwongo ni huyo mwandishi. Endelea, Mama Hirwa."

Benadeta akavuta kiti. "Anzia pale pa mate."