Mashine ya Kemuma na Ile Nyingine

Mashine ya kwanza ya kupasha chakula kuingia nyumbani kwangu ilikuwa na swichi mbili tu za kuzungusha. Ya juu ilikuwa ya moto, ya chini ya dakika. Ya juu hakuna aliyeigusa. Marehemu mke wangu, Kemuma, aliizungusha mpaka mwisho siku tuliyoileta, akasema, "Hapo ni hapo," na hapo ikakaa maisha yake yote. Ukitaka kula, unazungusha ya chini kidogo, unangoja, inalia ting, unatoa sahani. Ilikuwa mashine yenye adabu. Haikumuuliza mtu swali.

Kemuma aliinunua kwa bonasi ya majani chai, na sababu yake ilikuwa Sabato. Sisi ni Waadventista. Ijumaa kabla jua halijatua kila kitu kiwe kimeiva, ili Jumamosi mtu akitoka kanisani asianze kupuliza kuni na gauni lake zuri. Majirani walicheka sana. Walisema mwalimu, yaani mimi, amemnunulia mkewe televisheni isiyo na picha. Sabato iliyofuata wakaja kula matoke yanayotoa mvuke, na sikusikia tena habari za televisheni.

Mimi mwenyewe ilinifaa kuliko nilivyokubali kusema. Kwetu Gusii, mvulana akishatahiriwa haketi tena mekoni kwa mama yake, na mila hiyo nimeishika mpaka nimeota mvi. Kuwasha kuni sijui, na sitaki mtu apite njiani anione nikijifunza. Lakini mashine ya Kemuma haikuhesabiwa kuwa moto. Ilikuwa kama redio. Akienda kwenye mkutano wa akina mama aliacha sahani ndani, nami nikazungusha kama mtu anayetafuta habari za saa saba.

Kemuma alituacha mwaka jana, kabla ya mvua ndefu. Mashine yake haikukaa sana. Alasiri moja radi zetu hizi za Nyamira zilipiga karibu na transfoma, taa zikawaka kwa ukali kisha zikazima, na umeme uliporudi mashine haikurudi nao. Fundi wa sokoni aliifungua, akaitazama kwa muda, akaniambia kwa upole kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sawa, lakini mbachao wangu ulikuwa umeungua. Kwa hiyo mwanangu Abner, anayefanya kazi Nakuru, alipotuma mashine nyingine, niliipokea kwa shukrani na nikampigia simu kumwambia ni nzuri mno. Wakati huo ilikuwa bado iko kwenye boksi.

Ina mlango wa kioo cheusi, ukisimama mbele yake unajiona ulivyozeeka. Haina swichi hata moja. Vitufe vyake vimelala ndani ya kioo, ukipapasa hujui umegusa nini. Kuna cha bisi, cha piza, cha samaki, cha kuku aliyeganda. Nani kwenye kilima hiki ana kuku aliyeganda? Kuku wetu wanatembea. Cha ugali hakuna, cha mboga hakuna. Kitabu chake cha maelezo kimeandikwa kwa lugha nyingi, Kiswahili hakimo, na hicho Kiingereza chake nilikisoma chote nikatoka mjinga zaidi.

Kabla haijakupashia kijiko cha mboga, inataka kujua ni saa ngapi. Nikaiambia. Ikataka uzito wa chakula. Kwani nimekuja kuuza? Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, ikapiga kelele pii pii pii, ikaandika herufi L nyekundu, ikanyamaza. Tangu hapo kila nikiigusa inalia pii moja tu na kubaki na L yake. Nimewafundisha kusoma watoto wa kilima hiki mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu, na sasa herufi moja ilikuwa imenishinda.

Utasema, si uulize? Wa kuulizwa alikuwepo. Bonareri, mke wa Abner, anaishi nyumba yao ng'ambo ya ua, na ndiye anayenipikia tangu Kemuma afariki. Asubuhi kabla ya kwenda kwenye duka la vitambaa anakofanya kazi, huniwekea sahani ya mchana ndani ya mashine, imefunikwa vizuri, mimi nikiwa bado chumbani. Jioni mimi ni mtu wa uji tu, daktari aliamuru hivyo, kwa hiyo sahani ya mchana ndiyo chakula changu cha siku.

Lakini kati yangu na Bonareri kuna chinsoni. Ndiyo heshima yetu Wagusii kati ya baba na mke wa mwanawe. Nyumbani kwake sikanyagi. Mkono hatupeani. Tukisalimiana, kila mmoja anatazama kitu kingine. Sasa niambie, katika jiko langu lile finyu, tungesimamaje bega kwa bega, yeye akinionyesha kidole kiende wapi? Ningemwita mtoto wa jirani, lakini kabla ya machweo kila mtu angejua kwamba mwalimu mkuu anafunzwa na darasa la tatu. Ningeomba chakula kiwekwe kwenye hotpoti, lakini kuomba hotpoti ni kukiri. Na Abner nilishamwambia ni nzuri mno.

Basi kila adhuhuri nilifungua mlango wa kioo, nikagusa sahani, nikaikuta baridi kama jiwe la mtoni, nikatoka nayo nyuma ya nyumba kumpa mbwa. Kisha nikala ndizi mbivu na maziwa lala. Mbwa alinenepa akaacha hata kubweka. Mimi mshipi wangu ulihamia tundu ambalo nililitoboa mwenyewe kwa msumari.

Sabato moja dada yangu Nyanchoka alikuja kutoka Ogembo. Ni mkubwa wangu, na sijui mtu anayemwogopa. Tulipotoka kanisani alikwenda kula kwa Bonareri, mimi nikabaki na sahani yangu na mashine yangu. Hakukaa sana huko. Alikuja sebuleni kwangu akiwa bado na kofia ya kanisani, akakaa bila kukaribishwa.

"Mogaka, huyo msichana umemkosea nini?"

"Msichana gani?"

"Bibi ya Abner. Amelia mpaka chakula ikanishinda kumeza. Anasema anapika mboga ya saga, anapika nyama, anapika omena, yote inaenda kwa mbwa. Anasema tangu Kemuma aende hutaki mkono yake. Ameambia Abner atafute nyumba huko Nakuru. Mwisho wa mwezi anaenda."

Niliketi. Bonareri huimba nyimbo za kanisani alfajiri anapofagia ua, kwa sauti ya chini ili asiniamshe, nami huwa macho nikimsikiliza. Ndiyo sauti pekee ya binadamu iliyobaki katika boma hili. Nikauona ua huo haujafagiwa, nyumba mbili, mlango mmoja una kufuli, na mzee mmoja anaongea na redio. Niliogopa. Sijaogopa hivyo tangu siku daktari alipotuita mimi na Kemuma tuingie pamoja.

Nikamwambia dada yangu ukweli wote, kuanzia bisi mpaka L. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Mashine? Ni mashine tu, Mogaka?"

"Ni mashine."

"Na umekaa nayo hivyo, umekonda kama ufito! Mficha uchi hazai, ndugu yangu."

Nilimwomba aende akamweleze Bonareri kwa niaba yangu. Kwetu maneno ya aina hiyo hupitia kwa mtu wa tatu, na shangazi ndiye wa kuyabeba. Nyanchoka alikataa katakata.

"Mimi nikisema, ataona ni uongo ya kumtuliza. Mdomo unayo. Enda usimame hapo nje useme."

Nilivuka ua. Nilisimama pale ambapo maji ya paa lao hudondoka, kwa sababu mguu wangu haupiti hapo, nikaita. Bonareri akatoka akifuta mikono kwenye leso, macho chini kama ipasavyo. Yalikuwa mekundu.

"Bonareri," nikasema, "mimi sijui kuwasha ile mashine."

Alingoja, akidhani hayo ni maneno ya kufungulia tu na kwamba shauri lenyewe linafuata.

"Mashine gani, Tata?" Tata kwetu ni baba.

"Ya kupasha chakula. Imenishinda. Imeandika L."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipokuja."

Aliweka mkono mdomoni. Nilidhani atacheka, na ningefurahi angecheka. Lakini alikuwa anafikiri, kisha akauliza lile swali nililokuwa naliogopa, taratibu, bila kuniinulia macho.

"Lakini Tata, si ungekula tu hata kama imepoa? Watu wanakula chakula baridi. Mbona mbwa?"

Nikaangalia paa lao. Nikaangalia migomba. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

"Saga ulifundishwa na nani kupika?"

"Na Mama Abner."

"Naijua. Maziwa ni kipimo chake, chumvi ni yake, hata unavyoichemsha mpaka uchungu ubaki kidogo tu. Nikionja ni Kemuma. Na Kemuma hakuwahi kunipa chakula baridi, Bonareri, hata siku ile alipokuwa anaumwa hawezi kusimama, alinituma nizungushe mashine kwanza. Nikiweka ile baridi mdomoni, ni mkono wake lakini si yeye. Hapo ndipo najua amekufa. Siwezi kuimeza. Kwa hiyo nilimpa mbwa."

Maneno hayo sikumwambia hata pasta. Nikaongeza moja, kwa sababu nilikuwa nimeshavua koti la aibu na hakukuwa na faida ya kulivaa tena.

"Usiende Nakuru. Mumeo akikuita, enda, ni haki yako. Lakini usiende kwa sababu ya sahani. Mkono wako naupenda. Ukienda nitabaki peke yangu, na sitaki kubaki peke yangu."

Bonareri alijifuta uso kwa leso ileile. "Twende," akasema.

Mimi nikatangulia jikoni. Yeye akasimama nje ya mlango wa nyuma, kwenye ngazi, pale ambapo heshima inamruhusu mimi nikiwa ndani, na macho yake yanaifikia mashine.

"Hiyo L ni kufuli ya watoto, Tata. Inawekwa ndio watoto wasichezee."

"Na imeshika mtoto!" Nyanchoka akapaza sauti kutoka sebuleni.

"Kuna alama ya kuzima, chini, upande wa kushoto. Iguse, usiachilie. Bado. Bado kidogo."

L ikaondoka. Nilikaa nayo miezi, ikaondoka kama inzi.

"Sasa achana na hayo mambo ya piza. Hata mimi siyajui. Bonyeza ile ya mwisho chini, upande wa kulia. Mara moja ni nusu dakika. Bonyeza mara nne."

Nikabonyeza. Taa ikawaka ndani, sahani ikaanza kuzunguka. Nilikasirika sana. Kioo chote kile, maswali yote yale, kumbe kuna sehemu moja tu ya kugusa, na hakuna mtu huko kiwandani aliyeona vyema kuniambia! Bonareri akasema pole kana kwamba ni yeye aliyeitengeneza.

Ilipolia nikafungua, na mvuke wa saga ukanijia usoni. Nikabeba sahani mpaka mezani, meza ile inayotazamana na mlango wa nyuma, nikauacha mlango wazi ili aone. Simu yake ikaita. Nilimsikia akisema, "Abner, wachana na hiyo nyumba. Hapana, hakuna kitu mbaya. Baba anakula."

Nilikuwa nakula kweli. Ugali wa wimbi ulikuwa moto, mboga ilikuwa moto, na ladha ilikuwa ile, yote, kama Jumamosi yoyote ya miaka ile. Siku ya mazishi sikulia. Nilisimama kaburini nikisalimia wageni kama mwalimu mkuu siku ya wazazi, watu wakanisifu kwa uvumilivu. Sasa machozi yalikuja tonge likiwa mdomoni, yakaja kwa sauti, na sikuweza kuyazuia wala sikutaka kuacha kula.

Chinsoni ina kanuni ya kuingia na kanuni ya kutoka, ya kusalimia na ya kupishana njiani. Ya mzee anayelia mbele ya mke wa mwanawe sijawahi kuisikia. Bonareri labda aliijua, au aliitunga palepale. Aliketi kwenye ngazi, akanipa mgongo, akatazama shamba la chai, na hakuondoka mpaka nilipomaliza sahani.