Nyota Isiyo ya Stoo

Baba yangu alivishwa nyota yake ya tatu ndani ya handaki, na aliyemvisha aliitoa kwenye kitambaa chake mwenyewe.

Hadithi hiyo naijua tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Ilikuwa vita vya mpakani. Baba alikuwa luteni, nyota mbili, na asubuhi hiyo kapteni wa kombania yao alikuwa ameuawa. Kamanda wa kikosi akaja akitambaa kwa tumbo mpaka handakini, na nyuma yake mnadhimu wake, yule ofisa kijana anayemwandikia kamanda amri zote, akitambaa vilevile.

"Kuanzia sasa wewe ni kapteni," kamanda akamwambia Baba. "Kombania ni yako."

Kule mbele hakuna ofisa aliyevaa cheo. Wadunguaji wa adui walikuwa wakitafuta mabega yanayong'aa, kwa hiyo vyeo vilikaa mfukoni vimefungwa kwenye vitambaa. Nyota ya akiba haikuwapo. Kamanda, aliyekuwa luteni kanali, akafungua kitambaa chake, akatoa nyota moja kati ya zake mbili, zilizokaa moja kila bega juu ya ngao, akambandika Baba bega la kulia kwa muda wa kupiga saluti moja tu.

"Haya, ifiche. Bega la pili tutakuvisha tukirudi. Na mimi sasa bega hili ni luteni kanali, hili lingine nimeshuka kuwa meja. Mkinipigia saluti upande huu, fanyeni dharau kidogo."

Baba anasema walicheka mpaka udongo ukawadondokea vichwani. Tangu siku hiyo askari wakamwita Bega Moja.

Wiki iliyofuata kombora likaanguka kwenye makao ya kamanda. Kamanda akafa. Mnadhimu akachukuliwa kwenye machela, mkoba wake wa karatasi, na amri ya cheo cha Baba ndani yake, ukabaki kwenye moto. Baba akaongoza ile kombania karibu miaka miwili, na kikosi kiliporudi nyumbani likafanyika gwaride, akavishwa nyota ya tatu mabega yote mawili, kwa bendi na makofi. Masjala wakaandika kwamba amekuwa kapteni siku ya gwaride.

Kwa kalamu ya masjala, Baba hakuwa kapteni handakini. Alikuwa luteni aliyeshika kombania isiyo yake.

Mwanzoni haikumsumbua. Alipokwenda kuuliza aliambiwa faili liko njiani. Mwaka mwingine akaambiwa liko njiani. "Hilo faili linatambaa kwa tumbo kama marehemu kamanda," Mama alikuwa akisema, "tofauti ni kwamba marehemu alifika." Baba akawa meja kwa kuchelewa, akapitwa na vijana aliowafundisha kushika dira. Hakulalamika. Mvumilivu hula mbivu, alisema. Mama akajibu kwamba mbivu zenyewe zimeshaoza, zimebaki kokwa.

Lakini mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Meja akifikisha umri fulani bila kupanda cheo, anastaafu; na Baba alikuwa anaufikisha kabla mvua hazijaanza. Ili bodi ya vyeo imfikirie kuwa luteni kanali na kumpa kikosi, iliangalia miaka tangu alipokuwa kapteni. Kwa tarehe ya gwaride alipungukiwa. Kwa tarehe ya handakini alitosha na kuzidi. Kitu pekee alichokitaka maishani, mbali na sisi, ni kuongoza kikosi kile kile kabla ya kuvua viatu.

Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya sheria, na niliamini kwamba jambo la kweli likiandikwa vizuri husikilizwa. Nikaandika ombi la kurekebisha tarehe. Niliandika na kufuta, nikaandika tena juu ya meza ya kulia chakula, Mama akiniondolea sahani chini ya viwiko. Baba alilisoma amesimama.

"Umeniandika vizuri mpaka nimejionea huruma," akasema. "Punguza."

Jibu lilikuja kwa mkato. Ombi litafikishwa kwenye bodi endapo kutakuwa na maelezo ya ofisa aliyeshuhudia tukio. Ofisa, si askari. Askari walikuwapo sita mle handakini, na wanne wangali hai. Mmoja anatengeneza viatu mtaa wa tatu kutoka kwetu na hajawahi kumwita Baba kitu kingine ila Bega Moja. Hao hawakuhesabiwa. Ofisa aliyebaki duniani alikuwa mmoja, yule mnadhimu wa machela. Sasa alikuwa brigedia, na yeye ndiye mwenyekiti wa bodi ya vyeo.

Nilipogundua hilo nilikimbia jikoni. "Mama! Anayeamua ndiye aliyeona!"

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Usikinge vyombo kwa kuona wingu, mwanangu."

Tulikwenda mimi na Baba. Ofisi ya brigedia ilikuwa na zulia lililokwanguka mlangoni pale wageni wanaposimama kupiga saluti. Baba akapiga yake. Brigedia akazunguka meza akichechemea, mguu ule ule wa machela, akamkumbatia mpaka kofia ya Baba ikaanguka.

"Bega Moja! Hujafa tu?"

"Nitakufaje na faili langu liko njiani, Mnadhimu?"

Wakacheka. Alimwita Mnadhimu kana kwamba bado ni kijana wa kubeba mkoba. Mimi nikaambiwa, "Karibu, binti yangu, kaa," na roho yangu ikakaa kabla yangu.

Kisha brigedia akafunga mlango, na uso wake ukabadilika.

"Ombi nimelisoma. Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka hata harufu ya lile handaki. Sasa nisikilize. Kabla bodi haijasikiliza shauri lolote, mwenyekiti anaapa kwa maandishi kwamba hakuhusika na jambo linaloamuliwa. Nikiwa shahidi wako siwezi kuwa mwenyekiti. Nikitoka kwenye kiti, wa kushika nafasi anateuliwa kutoka juu, na shauri linangoja kikao kijacho. Kikao kijacho ni baada ya mvua."

"Nami nitakuwa nimeshatoka," Baba akasema.

"Utakuwa umeshatoka."

Brigedia akaivuta kalamu karibu, akaisukuma mbali.

"Ipo njia nyingine. Nibaki kitini. Niape kama kawaida. Wajumbe wenzangu wawili wananiamini; nikisema maelezo ya askari yanatosha, yatatosha. Mwezi huu huu unakuwa luteni kanali. Kikosi kiko wazi, unakijua."

Nilimtazama Baba. Macho yake yalikwenda dirishani, uwanjani, ambako kikundi cha vijana kilikuwa kikigeuka kushoto na mmoja amegeuka kulia. Nilimwona akitaka. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu namna ile.

"Utaapa nini hasa?" akauliza.

"Ni maneno ya kawaida tu."

"Niambie, Mnadhimu."

Brigedia hakumtazama. "Kwamba sikuwapo."

Baba akaiokota kofia yake, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka magotini.

"Kamanda kafa," akasema polepole. "Askari hawahesabiwi. Na wewe ukiapa hukuwapo, basi mle handakini nilikuwa na nani?"

"Ndugu yangu, ni karatasi tu."

"Karatasi ndiyo imeniweka hapa."

Nikashindwa kujizuia. "Baba, si ndicho tunachokitaka? Tarehe itakuwa sahihi!"

"Itakuwa sahihi, mama," akaniambia, maana hunibembeleza kwa kuniita hivyo, "na mtu pekee aliyeiona atakuwa amekana kuiona. Hiyo tarehe nitamwonyesha nani?" Kisha akamgeukia brigedia. "Andika ulichokiona. Toka kwenye kiti."

"Haitakusaidia kitu."

"Najua. Andika."

Brigedia akaandika. Alifika mwisho, akaomba radhi, akaenda kusimama dirishani muda mrefu akiwa ametupa mgongo.

Njiani kurudi nilizungumza peke yangu. Nilisema tutakata rufaa, tutaomba kikao cha dharura, kwamba mfumo wowote una mlango kama mtu anajua kuutafuta. Baba alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza kuruta. Tulipofika getini akasema, "Mama yako asijue kwamba nilipewa nafasi."

Lakini Mama alijua kabla hatujavua viatu. Alimtazama Baba usoni, akaenda kupakua chakula. "Kikosi umekikataa," akasema akiwa jikoni. "Mtu wa bega moja ana kichwa kizito kuliko wenye mabega mawili." Kijiko kiligonga sufuria kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Halafu akamwekea Baba kipande cha nyama kilichokuwa chake.

Niliandika ile rufaa. Niliomba kile kikao. Jibu lilikuja likiwa na mistari minne: kwa kuwa mwombaji atakuwa amestaafu kabla ya kikao kijacho, ombi limepitwa na wakati, na limefungwa pamoja na vielelezo vyake. Maelezo ya brigedia yalikuwa humo, yamefungwa nayo. Hakuna aliyeyakanusha, wala aliyeyasoma.

Siku ya mwisho ofisa anarudisha vifaa. Nilimsaidia Baba kubeba begi mpaka stoo ya kambi, chumba kirefu chenye harufu ya mpira na dawa ya nondo. Mtunza stoo alikuwa sajini mnene, miwani imefungwa uzi, kalamu sikioni.

"Karibu, afande. Leo tunakuvua," akasema, na akacheka kwa upole.

Akaita, Baba akaweka mezani. Mkanda. Chupa ya maji. Kofia ya sare. Kofia ya chuma. Dira. Alama za meja, jozi moja. Kila kilichowekwa kikapigwa mstari. Baba alikuwa ameviosha vyote. Hata chupa ya maji ilikuwa inanukia sabuni.

"Basi, afande. Huna deni."

"Bado kimoja," Baba akasema.

Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ilikuwa ile nyota. Ilikuwa imekaa miaka yote katika kopo la Mama la vifungo na sindano, na sikujua kama ameichukua. Ilikuwa imefifia, pembe moja imepinda. Akaiweka juu ya meza peke yake.

Sajini akaivuta karibu na miwani. Akatazama orodha yake, akaigeuza, akatazama tena. "Hii haimo, afande. Nyota zako za zamani ulirudisha zote, jozi kamili, na sahihi yako ipo."

"Hiyo nilipewa na kamanda wangu."

"Lini?"

Baba akaitaja ile siku, mwezi na mwaka, bila kukwama.

"Wakati huo, kwa hapa, ulikuwa luteni," sajini akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Niandikie tu kwamba umeipokea. Nyota moja, na tarehe niliyokuambia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani Baba ndiye aliyekata tamaa na mimi ndiye ninayetumaini. Alikuwa amevaa vizuri, amenyoa, amebeba ile nyota kifuani njia nzima, akitumaini kwamba mahali fulani katika jeshi, hata kwenye kitabu cha stoo, patakuwa na mstari mmoja wenye siku ile.

Sajini akaishika kalamu. Akaitazama nyota, akamtazama Baba, akaitazama tena. Nilimwomba kwa macho. Kisha akairudisha kalamu sikioni.

"Afande, nikiandika, mkaguzi ataniuliza ilitoka wapi. Stoo haipokei isichokitoa. Nisamehe." Akaisukuma nyota taratibu kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza. "Baki nayo. Ila usiivae tu, utakuwa na kosa."

"Niliivaa kwa saluti moja tu," Baba akasema.

Akaikunja ndani ya kitambaa na kukitia mfukoni. Akamshukuru sajini. Mlangoni mkono wake ulipanda kupiga saluti, ukafika nusu, akakumbuka kwamba hana kofia, akaushusha.

Nje vijana walikuwa bado wanafundishwa kugeuka. Nilitafuta neno la kumwambia. Nina shahada, na nilitafuta mpaka tukafika getini, mlinzi akaniomba mimi kitambulisho, kisha akamwomba na Baba.