Maji ya Kabureta

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Fundi Robo alilegeza skrubu nne za kikombe cha kabureta na kumkabidhi Mkunga moja moja. Mkunga aliziweka kwenye mfuniko wa kopo la mafuta ya kujipaka, maana mara ya kwanza moja ilidondokea mchangani na waliitafuta kwa sumaku mpaka adhuhuri. Hii ilikuwa mara ya sita kabureta kufunguliwa ndani ya wiki mbili. Mkunga alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, sanduku lake la kazi katikati ya miguu, na ndani yake glavu, mkasi, uzi na kipande cha sabuni vimepangwa tayari, kana kwamba pikipiki ingewaka wakati wowote.

Haikuwaka. Ilikuwa pikipiki ya miaka kumi na minne, nyekundu kwa juu, na mahali rangi ilipobanduka ilikuwa ya bluu. Mkunga aliinunua mnadani. Kila asubuhi aliipiga kiki thelathini, arobaini. Ikakohoa, ikanguruma muda wa kutosha mtu kufunga kamba za kiatu kimoja, kisha ikazimika. Ugoko wake wa kulia ulikuwa na alama ya kiki, nyeusi, ya duara kama kifungo cha koti.

"Robo tu, mama," alisema Fundi. Kwake kila kitu kilikuwa robo. Robo mzunguko wa skrubu ya hewa kwenda kulia, robo kurudi kushoto, sikiliza, robo tena. Ndiyo maana akaitwa hivyo.

"Robo zako zimeshatosha kuunda gurudumu," alisema Mkunga. "Nilikupokea mimi kwa mikono hii, ukaja umetanguliza miguu. Naona mpaka leo unaanzia nyuma."

"Lakini si nilitoka?"

"Ulitoka jua linazama."

Mkunga hakuwa na muda wa robo. Mtaa wa juu, mwendo wa saa mbili kasoro kwa miguu, mkwe wake, mke wa mwanawe wa mwisho, alikuwa ameingia mwezi wa tisa. Mwaka juzi mkwe huyo huyo alishikwa na uchungu, Mkunga akapanda kilima kwa miguu, akafika mtoto ameshazaliwa na hajalia. Hakuna aliyemlaumu. Mwezi uliofuata alianza kujifunza kuendesha pikipiki, akiwa na miaka hamsini na nane, kwenye uwanja wa shule, na wanafunzi wakimshangilia kila alipoanguka.

Fundi alimimina kilichokuwa ndani ya kikombe kwenye chupa ya kioo, akainyanyua kwenye mwanga. Petroli ilikaa juu, maji yakakaa chini, na maji yalikuwa mengi kuliko petroli.

"Haya tena," alisema.

Walikuwa wamefanya yote. Tangi lilioshwa likaanikwa juani siku nzima. Petroli ilinunuliwa kituo kingine, kisha kingine cha mbali. Mpira wa mfuniko wa tangi ulibadilishwa. Jeti, vijitundu vya kupitishia petroli, zilitolewa, Fundi akazipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, akazipitisha unywele wa waya. Plagi ilitoka nyeusi, wakapunguza petroli. Ikatoka nyeupe, wakaongeza. Siku hizi ilitoka imelowa tu. Mwishowe, jioni hiyo, Fundi aling'oa kabureta nzima, akaikausha kwa kitambaa, akaiacha juu ya meza bila tangi wala mpira wa mafuta, akaifunika kwa bakuli. Asubuhi aliikuta ina maji nusu kikombe cha chai.

Alichovya kidole, akalamba.

"Si ya mvua," alisema. "Ya kisima pia siyo, kisima chetu kina chumvi. Haya ni ya bomba."

"Bomba gani?" aliuliza Mkunga.

Swali lilikuwa la haki. Mtaa ulikuwa na mabomba kumi na mawili, yaliyosimikwa kwa siku moja miaka sita iliyopita, kukiwa na utepe, vipaza sauti na viti vya kukodi. Hakuna hata moja lililowahi kutoa tone. Lililokuwa mbele ya gereji, Fundi alilifungia waya wa kuanikia ovaroli. Aliwahi kulichimba, akakuta linaishia nusu mita ardhini, limezibwa kwa gunzi la hindi. Alilifukia lilivyokuwa ili waya wake usilegee.

Jumanne alipiga msasa madigadi ya nyuma apate kuchomelea ufa. Chini ya rangi nyekundu ikatokea bluu, na juu ya bluu herufi nyeupe: MRADI WA MAJI. HAIUZWI.

"Umeniuzia nini wewe mnada," Mkunga aliliambia lile madigadi.

Siku hiyo hiyo Fundi alirudisha kabureta mahali pake, akafungua skrubu ndogo ya chini ya kumwagia uchafu, na wakati huo huo akaisogeza skrubu ya hewa robo kushoto. Maji yakatoka. Hayakudondoka, yalitoka mfululizo, unene wa sindano ya kufumia sweta, safi, ya baridi. Mama Pacha, jirani aliyekuwa akirudi kisimani na ndoo tupu kwa sababu foleni ilimshinda, alisimama, akatazama, akaweka ndoo yake chini ya injini.

"Yana harufu ya petroli?" aliuliza.

"Kidogo, mwanzoni."

"Mume wangu ananuka zaidi na sijamrudisha kwao."

Ndoo ilijaa kwa dakika ishirini. Ilipofika jioni kulikuwa na ndoo kumi na saba. Kesho yake zilikuwa arobaini na tatu, na mtu alikuwa ameleta benchi.

Fundi alifanya vipimo kwa utulivu, akaviandika kwa chaki ukutani. Skrubu ya hewa ikiwa mzunguko mmoja na nusu kutoka pale inapokaza, injini inawaka na maji yanakata. Ikiwa miwili na robo, maji yanatoka na injini inakufa. Katikati ya hapo hakuna kitu, si maji wala moto. Alijaribu kupata vyote viwili siku nzima, robo huku, nusu ya robo kule, sikio limebandikwa kwenye tangi, mkono mmoja kwenye kishikio cha mafuta. Kila injini ilipoanza kushika, foleni nzima ilipiga kelele.

"Ukiyafunga hayo maji, Fundi," alisema Mama Pacha, "tutakukamua wewe."

"Mimi ndiye mwenye pikipiki," alisema Mkunga.

"Tunajua, dada, na Mungu akuzidishie. Kaa hapa kwenye benchi."

Walielewana hivi: asubuhi mpaka saa saba ni maji, kuanzia saa saba ni pikipiki. Mkunga alisema uchungu haumuulizi mtu saa. Walikubali kwamba ni kweli, na ratiba ikabaki hivyo hivyo.

Jumatano saa sita mchana alikuja Karani wa idara ya maji, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni na faili la kijani kwapani. Alikuwa amesikia. Aliinama, akatazama maji yakijaza dumu, akafungua faili na kusoma: pampu moja, matangi mawili, mabomba kilomita kumi na moja, pikipiki moja.

"Pampu iko wapi?" aliuliza Fundi.

"Imo kwenye faili."

"Matangi?"

"Yamo kwenye faili."

"Kilomita kumi na moja?"

Karani alimwonyesha ukurasa.

"Na pikipiki?"

"Pikipiki iliuzwa," alisema Karani, "mradi ulipokamilika."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Basi ndiyo hivyo, mzee. Kwenye makaratasi yenu, maji yalishatumwa. Pampu haipo, tangi halipo, bomba halipo. Kitu mlichonunua kweli ni hiki kimoja. Ulitaka yapite wapi?"

Karani alifikiri. Aliona ni sawa. Aliandika jambo fulani, akafunika kalamu, akaomba maji ya kunywa, akapewa.

Alhamisi saa tatu asubuhi simu ya Mkunga ililia. Alikuwa mwanawe. Uchungu umeanza alfajiri, alisema, na chupa imepasuka sasa hivi.

Ndoo ya Mama Pacha ilikuwa nusu. Nyuma yake kulikuwa na ndoo thelathini na nane. Mkunga alisimama na sanduku lake mkononi. Mama Pacha alimtazama, akaivuta ndoo yake pembeni kwa mguu, ikiwa nusu hivyo hivyo.

"Fundi, funga," alisema.

Fundi alifunga skrubu ya chini, akarudisha ya hewa mpaka mmoja na nusu. Mkunga akapiga kiki. Akapiga kumi, akapiga ishirini. Pikipiki ilikohoa na kutema maji kwenye bomba la moshi. Fundi alifungua plagi, akaikausha kwa shati lake, akairudisha. Kiki thelathini. Alama ya ugokoni ilianza kutoa damu.

"Robo, mama, robo tu."

"Nitakupiga na hiyo robo!"

Wanawake waliacha ndoo zao wakaja nyuma, sita kwa idadi, wakasukuma. Mkunga aliingiza gia ya pili, akaachia klachi karibu na bomba lenye waya wa ovaroli, na pikipiki ikashika. Fundi alikimbia kando yake hatua chache, akamtumbukizia bisibisi ndogo mfukoni.

Ilizimika mara mbili kilimani. Mara ya kwanza aliigeuza, akaiachia iteremke kidogo, ikawaka. Mara ya pili alikaa kando ya njia, akahesabu mpaka mia moja, akaipiga kiki moja ya hasira, ikawaka. Alitumia dakika thelathini na tano kufika.

Mkwe alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameng'ata kona ya mto. "Mama, umewahi," alisema.

"Nimewahi. Usisukume bado, hema kwanza." Akageuka kwa mwanawe. "Maji."

Mwanawe alionyesha mtungi. Ulikuwa na maji ya kijiko. Alikuwa amepanga kwenda bondeni asubuhi hiyo, lakini uchungu ulimtangulia. Nje ya mlango kulikuwa na bomba la mradi ule ule, kavu kama yale kumi na mawili, na kuku alikuwa amelala chini yake.

Mkunga alitoka nje na beseni. Alizima pikipiki, akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua skrubu ya chini. Aligeuza ya hewa robo. Hakuna kitu. Robo ya pili, hakuna kitu. Ndani mkwe alipiga kelele. Robo ya tatu, maji yakatoka, unene ule ule, baridi ile ile. Alikinga beseni, akafunga, akanawa mpaka kwenye viwiko kwa sabuni, mara mbili, kama alivyofundishwa.

Mtoto alizaliwa saa sita na dakika kumi. Alikuwa wa kike, na alilia kabla hajatoka mabega. Bibi yake alimfuta, akamfunga kitovu, akamlaza kifuani kwa mama yake. Kisha akatoka nje, akakaa chini karibu na kuku, akalia yeye pia, kidogo, akitazama ugoko wake.

Pikipiki haikuwaka tena. Saa tisa, mama na mtoto wakiwa wamelala salama, aliisukuma kuteremka, huku mikono ikifa ganzi kwenye breki. Alipofika gereji ndoo zote zilikuwa kwenye mstari kama alivyoziacha. Fundi alishika bisibisi, maji yakatoka, na ndoo ya Mama Pacha ikaendelea kutoka nusu.

"Mtoto kalia?" aliuliza Mama Pacha.

"Kalia."

Foleni nzima ilipiga vigelegele, kisha ikarudi kubishana nani alitangulia.

Ijumaa Karani alikuja na kamera, ubao na mfuko mdogo wa nailoni. Aliomba ndoo moja iliyojaa, akaiweka chini ya bomba la mbele ya gereji, akamwomba Fundi aondoe ovaroli. Akaomba pikipiki isogezwe nyuma, bado kidogo, isionekane. Alipiga picha tatu. Halafu alimpa Mkunga fomu.

"Umepata maji wiki hii?"

"Nimepata."

Penye chanzo, Mkunga aliandika: kabureta. Karani alisoma, akatikisa kichwa bila ubaya wowote, akamwonyesha kwamba kuna visanduku viwili tu, bomba na kisima. Alikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia alama kwenye bomba.

Kutoka kwenye mfuko wa nailoni alitoa waya mwembamba na kipande cha madini ya risasi. Aliigeuza skrubu ya hewa mpaka mizunguko miwili na robo, akaizungushia waya, akaibana ile risasi juu yake kwa koleo iwe lakiri, isifunguliwe. Lakiri ilikuwa na nembo ya idara. Kwenye ubao, aliopigilia ukutani juu ya vipimo vya chaki, iliandikwa kwamba mradi umekamilika na chanzo kisihamishwe.

"Na wanaojifungua?" aliuliza Mkunga. "Watoto je?"

"Watoto wako idara nyingine," alisema Karani, akatia sahihi.

Fundi aliitazama lakiri kwa muda mrefu. Aliigusa kwa ncha ya bisibisi, akasikiliza, akairudisha bisibisi mfukoni.

Jumapili alitarajiwa kujifungua mwingine, ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu siku. Jumamosi asubuhi, baada ya chai, Mkunga alivaa viatu vya kamba, akachukua sanduku lake na chupa tupu, akapita gereji. Foleni ilikuwa imefika kwenye kona.

"Mpisheni," alisema Mama Pacha, akiwasukuma watu kwa kiuno. "Mpisheni mwenye pikipiki."

Walimpisha. Mkunga aliinama, akajaza chupa yake chini ya injini, akaifunga vizuri, akaanza kutembea.